Gari la Kale Linalipia Umri, Halilipii Moshi

Kila anayetaka kushusha gari la kale bandarini Dar es Salaam na kulifikisha Bagamoyo huanza na hofu moja: petroli yetu haina risasi tena, injini itakufa. Nayasikia haya kwa wastaafu wanaojenga Kiromo na Mapinga, kwa ndugu zetu wa Muscat wanaopanga kurudi nyumbani na Land Rover, na kwa wageni wenye nyumba zao ufukweni. Hofu hiyo ina kaukweli kadogo kalikokuzwa mno. Mambo mawili makubwa zaidi, moshi na mipira ya mafuta, hayaulizwi hata na mmoja kati ya kumi. La kodi nalo huwashtua mwishoni kabisa, wakala wa forodha akishaleta hesabu.

Tuanze na risasi tuimalize. Mwaka 1921 Thomas Midgley, mhandisi wa General Motors, aligundua kwamba kiasi kidogo cha mchanganyiko wa risasi kwenye petroli kinazuia injini kugonga. Viwanda vikaweza kuubana zaidi mchanganyiko wa hewa na mafuta na kupata nguvu zaidi. Faida ya pili ilijitokeza njiani: masalia ya risasi yalijenga utando juu ya siti za valvu za kutolea moshi, zikawa hazisagiki. Kwa kuutegemea utando huo, viwanda vingi vilichonga siti moja kwa moja kwenye chuma cha silinda hedi bila kuzivisha pete ngumu. Ukiondoa risasi, valvu iliyopata moto mkali hugongana na chuma kitupu, hukimega chembe kwa chembe, na siti huzama taratibu.

Madhara ya risasi hiyo kwa watu yalishinda faida zake zote. Huingia kwenye damu na kudumaza ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote kilicho salama. Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuiondoa, na kufikia Januari 1, 2006 petroli ya risasi ilikuwa imekoma katika eneo lote hilo. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa ajili ya magari ilikuwa Algeria, Julai 2021. Kwa hiyo magari yote ya kale unayoyaona barabara ya Bagamoyo yameishi bila risasi kwa karibu miaka 20, na bado yanatembea. Hilo peke yake lingetosha kutuliza presha.

Lakini zipo injini na injini. Peugeot 404 ina silinda hedi ya alumini, na alumini haiwezi kubeba siti bila kuvishwa pete ya chuma, kwa hiyo gari hilo linaizoea petroli ya leo bila ugomvi. Ndilo gari ambalo Bert Shankland na Chris Rothwell, waliotokea Tanzania, walishinda nalo Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967, na sishangai kwamba wengi wanaoniuliza wanaulizia hilo hilo. Volkswagen ya mgongo wa kobe nayo ina hedi za alumini. Wenye sababu ya kuangalia ni wenye hedi za chuma cha kumimina: Land Rover za zamani za petroli, Austin, Morris, Bedford.

Hata hao hawana haja ya kufungua injini siku gari linapofika. Siti huzama pale injini inapozungushwa kasi na kubebeshwa mzigo kwa muda mrefu, kama gari lililosheheni linalopanda milima likienda Lushoto. Kutoka Bagamoyo hadi Bunju ni tambarare. Kipimo chake kiko kwenye tapeti. Land Rover ya lita 2.25 inatakiwa iwe na nafasi ya inchi 0.010, yaani milimita 0.25, kati ya roka na valvu. Iweke hivyo injini ikiwa imepoa, andika kilometa ukutani mwa gereji, kisha ipime tena baada ya kilometa 1,500 hivi. Siti ikiwa inazama, valvu inapanda juu na nafasi inapungua. Ukikuta feli geji haipiti tena kwenye valvu za kutolea moshi, umepata jibu lako. Hapo ndipo hedi inapelekwa Gerezani, Dar es Salaam, kuchongwa na kuvishwa siti ngumu, kazi ambayo mafundi wa pale wanaifanya kila siku kwa injini za aina nyingine. Ukiifanya mara moja, hairudiwi.

Kuna watu watakushauri ununue avigesi ya ndege, kwa kuwa bado ina risasi. Ni kweli inayo: ile iitwayo 100LL inaruhusiwa hadi gramu 0.56 kwa lita. Huo si ushauri wa mtu mwenye watoto nyumbani. Isitoshe, ndege nyingi zinazoshusha watalii Saadani zinatumia mafuta ya injini za jeti, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa, na ukiyamimina kwenye tenki la Austin utajuta kabla ya kufika Makurunge. Chupa za dawa ya kuweka badala ya risasi zipo pia. Zinasaidia kiasi, ila kwa gari linalokwenda kanisani au msikitini na kurudi, fedha hiyo ingenunua mipira mipya.

Mipira ndiyo hoja yenyewe. Gari likitoka Uingereza leo linakuja na tatizo ndani ya tenki. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya huko imechanganywa na ethanoli hadi asilimia 10, na wenye magari yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 2002 walitahadharishwa mapema. Ethanoli inakula mipira ya zamani, inalainisha gundi, inaharibu boya la kizibo ndani ya kabureta, na juu ya yote inavuta maji kutoka hewani. Maji yakizidi, hujitenga na petroli na kuzama chini ya tenki, pale pale bomba la kunyonya lilipo. Sasa liwazie gari lililokaa wiki kadhaa ndani ya kontena, likavuka ikweta, likangoja bandarini, kisha likaletwa Bagamoyo ambako hewa yenyewe ina chumvi. Tenki la bati linaanza kuota kutu kwa ndani kabla mwenye gari hajapata namba.

Kwa hiyo mwambie anayekupakilia amwage mafuta yote, akaushe tenki na kabureta, na akupigie picha. Likifika, usiliwashe kwa betri ya kuazima pale pale kwa furaha. Ondoa mipira yote ya mafuta kuanzia tenkini hadi kwenye kabureta, ile mifupi iliyojificha juu ya ekseli ndiyo hasa, na weka mipira mipya iliyoandikwa kwamba ni ya petroli. Mpira wa maji unafanana nao sana na bei yake ni nafuu. Unavimba ndani ya mwezi. Mpira unaovuja juu ya bomba la moshi lenye moto unateketeza gari zima, na magari ya kale mengi yanaishia hivyo kuliko yanavyoishia kwa siti za valvu.

Petroli ya kwetu ina tabia zake kwenye joto. Pampu ya zamani imefungwa ubavuni mwa injini na inapata moto pamoja nayo. Wakati wa kaskazi, Januari au Februari, ukikwama kwenye foleni ya Tegeta saa nane mchana, petroli huchemka ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye kabureta. Gari linakata, unapiga stata linagoma, baada ya nusu saa linawaka kama halijawahi kuugua. Watu wamebadilisha koili, plagi na distribyuta kwa ugonjwa huu, na hakuna kati ya hivyo kilichokuwa na kosa. Dawa yake ni kulihamisha bomba mbali na joto, kuweka bati la kuzuia moto chini ya kabureta, au kufunga pampu ya umeme karibu na tenki, yenye swichi inayojikata gari likipata ajali.

Na gari lisiloendeshwa? Petroli huchacha. Sehemu zake nyepesi hupotea hewani, zinazobaki hugeuka ulimbo na kuziba jeti. Kwa nyumba za mwishoni mwa wiki za Mapinga na Kerege, ambako gari huamshwa mara moja kwa mwezi, hili ndilo ninaloliona zaidi. Tenki lijae, ili hewa yenye unyevu ikose nafasi, na gari liendeshwe hadi injini ipate moto hasa. Kuliwasha dakika tano likiwa kibandani ni kuliharibu.

Uchakachuaji niuseme kwa kifupi, maana umepungua sana tangu mafuta yaanze kuwekwa vinasaba mwaka 2010 na tangu bajeti ya 2011/12 ipandishe ushuru wa mafuta ya taa, faida ya kuyachanganya ikayeyuka. Injini ya EFI ikipewa petroli yenye mafuta ya taa hujirekebisha kidogo na kulalamika kwa taa ya dashibodi. Injini ya kabureta haina cha kujirekebishia: inagonga, inamisi, inatoa masizi. Dondosha tone la petroli kwenye karatasi nyeupe. Safi hukauka bila kuacha alama, iliyochanganywa huacha doa la mafuta. Ukielekea Saadani, jaza Bagamoyo mjini na udai risiti. Petroli ya kwenye madumu huko mbele haina wa kumlaumu.

Wenye dizeli, Mercedes 240D au Peugeot 504 na wengineo, wana habari ya upande mwingine. Dizeli yetu zamani ilikuwa na salfa hadi sehemu 5,000 kwa milioni. Ikashuka hadi 500, na tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia kwenye 50. Moshi mweusi na harufu ile ya kuwasha macho vikapungua. Ila mchakato unaotoa salfa huondoa pia vitu vilivyokuwa vikilainisha pampu, na oring za zamani zilizozoea mafuta ya aina ile husinyaa na kuanza kuvuja. Viwanda huongeza dawa ya ulainishaji, na pampu ya mstari ya Bosch, inayolainishwa na oili ya injini, haina shida kubwa. Pampu ndogo ya mzunguko, kama ile ya CAV iliyofungwa kwenye Land Rover nyingi, inategemea dizeli yenyewe kwa kila kitu. Hiyo ipite kwa fundi wa pampu abadilishe mipira yake kabla ya safari ya kwanza.

Sasa moshi. Wapenzi wa magari ya kale husema gari moja halichafui kitu. Hesabu zinawakataa kidogo, na nadhani ni heri wazijue. Gari la Marekani la mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla ya vidhibiti vyovyote, lilitoa kiasi cha gramu 6.6 za mafuta yasiyoungua kwa kila kilometa na zaidi ya gramu 50 za kaboni monoksaidi. Magari madogo ya Ulaya yalitoa pungufu, lakini si pungufu ya kujivunia. Kiwango cha Euro 4 kwa petroli ni gramu 0.1 na gramu 1. Gari la kale likitembea kilometa 1,500 kwa mwaka kwa kiwango kile kibaya, litatema kama kilo 10 za mafuta mabichi hewani. Gari la Euro 4 lililo zima, likitembea kilometa 20,000, litatema kilo 2. Kwa hiyo hata likikaa kibandani karibu mwaka mzima, la kale linachafua zaidi ya jirani yake anayekwenda mjini kila siku.

Ila angalia lile neno zima. Chini ya gari la kisasa mna masega, kile kikasha chenye matundu madogo madogo kilichopakwa platinamu na paladi, ambacho kikipata moto humeza zaidi ya asilimia 90 ya sumu hizo. Masega yana thamani, na wanunuzi wake wanajulikana. Fundi anakwambia yameziba, gari linakula mafuta, tuyatoe. Anaweka bomba tupu, unasikia gari limekuwa jepesi, naye anaondoka na madini yako. Gari hilo sasa linatoa mara kumi au zaidi, yaani kilo 20 kwa mwaka kwa mwendo ule ule wa kilometa 20,000. Ni maradufu ya gari letu la kale, na yaliyotolewa masega yanatembea kwa maelfu kati ya Mwenge na Bagamoyo.

Mengine hayakusubiri kufika hapa. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya Oktoba 2020 ilihesabu magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliyouzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, asilimia 40 hivi yakaja Afrika. Wakaguzi wa Uholanzi walipoyachungulia yaliyokuwa yakingoja meli kwenye bandari zao, walikuta mengi hayafiki hata Euro 4, na mengine yameshanyofolewa masega.

Sheria yetu inalitazamaje hili? Kwa kalenda. Tanzania Bara haijaweka ukomo wa umri wa gari la kuingiza kama Kenya, inayokataa lililozidi miaka 8, au Uganda, iliyofunga mlango kwenye miaka 15 mwaka 2018. Sisi tunatoza. Chukua 404 ya cc 1,618 iliyofika bandarini kwa thamani ya shilingi 20,000,000 pamoja na usafiri na bima. Ushuru wa forodha asilimia 25 ni 5,000,000. Ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, asilimia 5, ni 1,250,000. Ushuru wa uchakavu kwa gari lililozidi miaka 10, asilimia 30, ni 7,500,000. Juu ya yote hayo VAT ya asilimia 18, shilingi 6,075,000. Jumla 19,825,000, kabla ya tozo ya reli, ada za forodha na bandari. Umelinunua gari mara mbili. Bajeti ya Juni yoyote inaweza kusogeza asilimia hizi, kwa hiyo mwombe wakala wako hesabu mpya kabla hujatuma fedha kwa muuzaji.

Kipande cha 7,500,000 ndicho kinachoitwa cha mazingira, na hakijauliza swali lolote la mazingira. Gari la mwaka 1966 lililotyuniwa vizuri na Toyota ya mwaka 2008 iliyotolewa masega yanalipa asilimia ile ile. Ukaguzi wa TBS wakati wa kuingiza unaangalia uzima wa gari, na ni jambo jema. Tatizo linaanza baada ya namba kufungwa. Kanuni za viwango vya ubora wa hewa tunazo tangu 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, lakini gari la binafsi halina tarehe ya kupimwa moshi mwaka hadi mwaka. Trafiki wa stika ya Nenda kwa Usalama anaangalia taa, breki na matairi, na masikini hana kifaa cha kuangalia zaidi. Masega yanatolewa wiki ya pili baada ya usajili na dola haitakaa ijue.

Wenzetu wamelitenganisha gari la kale na gari chafu. Ujerumani gari lililofikisha miaka 30 na kubaki katika hali yake ya asili hupewa namba yenye herufi H na kuruhusiwa hata kwenye maeneo ya miji yanayozuia magari machafu. London inayasamehe ya miaka 40 na kuendelea ada ya hewa chafu. Uingereza, hata katika ukaguzi wa magari, kipimo hufuata mwaka wa gari: lililoanza kutumika kabla ya Agosti 1975, likipelekwa kukaguliwa, huangaliwa moshi kwa macho tu, la kati ya hapo na 1986 lisizidi kaboni monoksaidi asilimia 4.5 likiwa sailensa, na kadiri miaka inavyosogea masharti yanakaza. Mantiki yake naikubali. Injini ya kabureta iliyowekwa sawa inaweza kukaa chini ya asilimia 4.5, iliyopuuzwa inafika 8 na mwenyewe anadhani ina nguvu.

Ningeandika sheria mimi, ningeweka daraja la magari ya miaka 40, wala si 30. Ukisema 30, kesho kila Land Cruiser chakavu ya miaka ya 90 itashuka bandarini ikiitwa urithi na keshokutwa iko barabarani ikibeba abiria kwenda Msata. Daraja hilo lisamehewe ushuru wa uchakavu kwa masharti: halibebi abiria wala mzigo wa kulipiwa, lina ukomo wa kilometa kwa mwaka, na kila Julai linapimwa kaboni monoksaidi kwa kiwango cha mwaka wake. Kipima gesi kinachohitajika kinatosha kwenye meza ya ofisini, na kingewapima pia wenye Toyota waliotoa masega, ambao ndio wengi na ndio ningewaanzia. Gari la kale likishindwa mara mbili mfululizo, msamaha ufutwe na ushuru wote uliosamehewa udaiwe siku hiyo hiyo.